Sura ya Saba: Kava Kubwa Kuliko Simu

Sajenti aliyepachikwa jina la Rula alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: akishaambiwa jambo liko wazi, papo hapo huanza kulitilia shaka. Ndiyo maana Jumapili hiyo, saa mbili na robo asubuhi, alikuwa amesimama mbele ya meza ya mkuu wa kituo badala ya kuwa nyumbani kwake na kikombe cha chai.

"Liko wazi, Sajenti," mkuu wa kituo alisema. "Mwanamke ameondoka kwa hiari yake. Saa sita mchana nafunga faili."

Faili lenyewe lilikuwa jembamba la kutia huruma. Karani wa masjala katika ofisi ya upimaji ardhi, mke wa seremala, mama wa binti mmoja, alitoka nyumbani Ijumaa asubuhi kwenda kazini na hakurudi. Daftari la mlinzi getini lilionyesha kwamba alitoka ofisini saa kumi na moja na dakika nne jioni. Baada ya hapo hakuna aliyemtia machoni, na simu yake ilikuwa haipatikani. Rula alimaliza sehemu kubwa ya Jumamosi kituo cha mabasi akiwauliza makondakta, akaambulia vumbi na majibu ya mkato.

Mkuu wa kituo alianza kuhesabu kwa vidole. "Alhamisi kaaga makundi yake yote ya simu. Kasema asitafutwe kwenye namba ile mpaka atakapotoa taarifa. Picha zote kazihamishia kwenye flashi, flashi kamwachia binti yake. Namba za watu kaziandika kwa mkono kwenye daftari. Kitambulisho kaondoka nacho. Na kubwa kuliko yote, kaitoa simu yake kwenye ile huduma ya kutafutia simu zilizopotea. Mtu anayefanya hivyo anataka kupatikana huyo? Dalili ya mvua ni mawingu."

"Mawingu mengine hupita tu, afande."

"Mume wake mwenyewe amekubali. Jana jioni kaweka sahihi kwenye maelezo."

"Na dawa zake za shinikizo la damu? Zimebaki kabatini, za mwezi mzima. Anayehama na kitambulisho anasahau dawa?"

"Dawa zinauzwa kila mahali." Mkuu alivuta faili jingine. "Una mpaka saa sita. Baada ya hapo nakuhitaji kwenye kesi ya wizi wa nyaya."

Rula alipiga saluti akatoka. Hesabu yake ilikuwa fupi kuliko ya mkuu. Faili likifungwa, hakuna atakayemtafuta tena yule mama. Kama ameondoka kwa hiari, heri yake. Kama hakuondoka, basi yuko mahali fulani tangu Ijumaa bila dawa, na huenda bila maji.

Seremala alikuwa kwenye kibanda chake cha kazi uani, akipiga randa ubao uliokwisha kuwa laini zamani. Hakuinua kichwa.

"Fundi, nieleze tena habari ya Alhamisi."

"Nimeeleza, nimeandikisha, nimeweka sahihi. Sasa unataka na dole gumba?"

"Mligombana."

Randa ilisimama. "Nani kakwambia?"

"Wewe mwenyewe. Leo Jumapili, huna mteja, na ubao huo umeupiga randa mpaka unakaribia kuwa karatasi."

Seremala aliketi juu ya benchi lake, akaipangusa mikono kwenye suruali. Macho yalikuwa mekundu, na Rula aliona wekundu huo haukutokana na vumbi la mbao.

"Tuligombana kwa ajili ya simu," alisema. "Alitaka mpya. Nikamuuliza, hiyo uliyonayo ina ubaya gani? Inapiga, inapokea. Akasema imezeeka, haipati tena mfumo mpya, apu za kazini zinagoma kufunguka, na chaji haimalizi hata saa moja. Nikamwambia simu si mgonjwa, hatuna haja ya kuihangaikia kila siku."

"Akasema nini?"

"Akanyamaza. Ukimwona mke wangu amenyamaza, ujue ameshaamua. Nilidhani ni hasira za siku moja." Aliitazama sakafu iliyojaa maranda. "Miaka kumi na tisa, afande. Hata barua hakuniachia."

Rula aliomba ruhusa kuingia chumbani tena.

Binti ndiye aliyemwongoza. Alikuwa amerudi kutoka chuoni Jumamosi alfajiri baada ya kupigiwa simu na baba yake, na bado alivaa nguo alizosafiri nazo. Rula alizivuta droo moja moja, akazitazama upya kana kwamba hajawahi kuziona. Katika droo ya chini, chini ya vitambaa, palikuwa na kava la simu la zambarau, jipya, bado linanukia plastiki.

"Hili hamkunionyesha jana."

"Ni kava tu, afande. La simu ya mama. Nilijaribu kuivisha simu yangu, ikawa inacheza ndani."

"Umejuaje ni la simu ya mama?"

"Limekaa kwenye droo ya mama. Litakuwa la nani?"

Hilo ndilo jibu ambalo Rula hakuwahi kulikubali maishani. Yeye mwenyewe alitumia simu ya vitufe, ile ambayo ikianguka unaionea huruma sakafu, na mambo ya simu kubwa hayakumpanda kichwani. Lakini kupima alijua. Alichomoa ile rula ya chuma iliyompa jina, akapima kava kwa ndani: sentimita kumi na sita na nusu. Kisha akanyoosha mkono juu ya kabati, akashusha boksi la simu ya zamani lililokuwa limehifadhiwa pale, akalipima kwa nje.

"Kumi na tano," alisema. "Boksi zima ni kumi na tano. Simu iliyotoka humu ni fupi zaidi ya hapo. Sasa niambie, mama yako ni mtu wa kununua nguo inayompwaya mtoto wake?"

Binti alilitazama kava, akalitazama boksi. Midomo ikafunguka.

"Ni nguo ya mtoto ambaye hajazaliwa," alisema polepole. "Mama alinunua kava kabla ya simu. Amenunua simu mpya, afande! Na hakumwambia baba."

"Endelea."

"Ukitaka kuhama simu, ndivyo unavyofanya. Picha unatoa. Namba unaandika pembeni zisije zikapotea. Makundi unayaaga ili watu wasikutumie kitu wakati uko katikati ya kuhama. Na ile huduma ya kutafutia simu lazima uiondoe, la sivyo atakayerithi simu hawezi kuitumia, inamkatalia."

"Nani angerithi?"

"Bibi. Simu za nyumba hii zinashuka. Ya mama inakwenda kwa bibi, ya bibi inakwenda kwa mjomba, ya mjomba hakuna anayeitaka." Alianza kucheka, kicheko kikageuka kilio. "Na mimi ndiye niliyewaambia polisi kwamba ameitoa. Mimi ndiye niliyewafanya waamini amekimbia."

"Wewe ulisema kweli," Rula alimwambia. "Sisi ndio tuliomaliza sentensi kwa kichwa chetu."

Ndani ya kava palikuwa na kibandiko kidogo chenye jina la duka na mtaa. Rula alikibandua, akakibandika kwenye daftari lake. Ilikuwa saa nne kasoro kumi.

Muuza simu alikuwa na kitambi cha heshima na sauti ya mnadani. Duka lake lilikuwa na upana wa hatua tatu, na kila ukuta ulijaa chaja, waya na vioo vya kubandika. Rula alipomwekea picha mbele yake hakuhitaji kutazama mara mbili.

"Namkumbuka kuliko ninavyomkumbuka shemeji yangu. Ijumaa, saa saba mchana. Wateja wangu huja na simu zimejaa picha za harusi za watu wasiowajua, nianze kuzichambua mimi. Huyu dada alikuja na karatasi. Kila alichokifanya amekitia alama ya vema. Nikamwambia, dada, wewe umejiandaa kama bwana harusi."

"Ulimuuzia simu."

"Nikamuuzia. Lakini mimi si mtu wa kuuza nikanyamaza. Nikamwambia simu hii imekaa dukani miezi mitano, mfumo wake umeachwa nyuma. Kabla hujaingiza chochote, iwekee kwanza mfumo mpya. Ukishaingiza mambo yako ndipo uanze kubadilisha mfumo, utajuta. Na faili lenyewe ni kubwa, litakula bando lako lote na halitashiba. Tafuta intaneti yenye nguvu, kaa nayo saa moja na nusu, usiizime katikati."

"Alisema angekwenda wapi?"

"Alicheka. Akasema kazini kwao intaneti ni ya bure, na yeye anajua pa kukaa."

Rula aliandika maneno hayo kama yalivyo. "Na laini yake?"

"Simu ya zamani inatumia laini kubwa, hii mpya inataka ndogo. Nikamwahidi kumhamishia namba yake kwenye ndogo, aje kuichukua Jumamosi saa nne na kitambulisho chake tumalizane." Alivuta droo, akatoa kibahasha kidogo. "Hii hapa. Hakuja."

"Hukumpigia?"

"Nimpigie kwa namba ipi, afande? Namba yake ndiyo hii niliyoishika mkononi."

Rula alisimama nje ya duka kwa muda mfupi, akapiga mstari chini ya mambo mawili. La kwanza: mtu anayetoroka haweki miadi ya kesho yake saa nne asubuhi. Kitambulisho alikibeba kwa ajili ya laini, basi. La pili: baada ya saa saba mchana alirudi kazini, tena akiwa na shughuli ya saa moja na nusu. Tatizo lilikuwa lile daftari la mlinzi, lililosema kwa wino kwamba alitoka.

Ofisi ya upimaji ilikuwa imefungwa. Jumatatu ilikuwa sikukuu, kwa hiyo hakuna ambaye angekanyaga pale mpaka Jumanne. Mlinzi aliyekuwa zamu Ijumaa ndiye aliyekuwa getini, mtu wa makamo mwenye viatu vilivyong'arishwa mpaka vikatia aibu vya polisi.

"Daftari," Rula alisema.

"Jana nilikuonyesha, afande."

"Jana nilitazama mstari mmoja. Leo nataka ukurasa."

Alijilaumu alipolifungua. Jumamosi alikuwa amenakili mstari wa karani tu, akakimbilia kituo cha mabasi, kosa ambalo angemfokea askari mpya kwa kulifanya. Ukurasa mzima ulisema habari nyingine kabisa. Wafanyakazi kumi na mmoja walitoka Ijumaa. Wa kwanza saa kumi na moja na dakika moja, wa pili na dakika mbili, wa tatu na dakika tatu, hivyo hivyo mpaka kumi na moja, kila mtu na dakika yake, kama siafu kwenye mstari. Wino mmoja. Mwinamo mmoja wa herufi.

"Huyu mhasibu aliyetoka na dakika saba, una namba yake?"

Mlinzi aliitoa kwa sauti ndogo. Mhasibu alipokea upesi.

"Ijumaa? Mimi niliondoka saa sita mchana, afande. Tumbo lilikuwa linanikata. Kuna nini?"

Rula alimshukuru, akakata. Kisha akamgeuzia mlinzi ule ukurasa. Njia ya mwongo ni fupi, na mara nyingi haihitaji hata kusukumwa.

"Wanasahau kusaini," mlinzi alianza. "Kila siku wanasahau, wanapita wanacheka tu. Msimamizi wangu akikuta nafasi iko wazi, anayekatwa mshahara ni mimi. Basi jioni nawajazia wote. Sina ubaya, afande. Ni karatasi tu."

"Kwa hiyo hukumwona akitoka."

"Sikumwona. Lakini nilipita vyumba vyote, hapakuwa na mtu."

"Vyumba vyote?"

"Vyote vya juu. Chini kuna masjala ya zamani tu, chumba cha mafaili."

"Niambie, intaneti ya humu ndani inashika vizuri wapi?"

Mlinzi alianza kutabasamu, kama mtu aliyeulizwa swali ambalo ofisi nzima inalijua. "Kulekule chini. Fundi wa intaneti alikiweka kile kisanduku chake huko kwa sababu kuna ubaridi. Wafanyakazi wote hushuka na simu zao, wanakaa nyuma kabisa ya rafu, juu ya maboksi, waya masikioni..." Tabasamu lilimwishia usoni.

"Mlango wake ukoje?"

"Wa chuma. Mkono wa kitasa wa ndani ulikatika mwaka juzi. Tumeandika barua tatu. Kwa hiyo huwekwa tofali ili usijifunge."

"Ijumaa tofali lilikuwepo?"

Mlinzi alivua kofia. "Nililiondoa mimi. Nilijua wamesahau tena. Mlango ukajirudi wenyewe. Halafu nikazima umeme kwenye swichi kubwa, kama kawaida ya kufunga wiki."

"Uliita? Uliuliza kama kuna mtu?"

"Sikuita."

"Na bila umeme hakuna intaneti. Mtandao wa kawaida unafika huko?"

"Haufiki, afande. Kuta ni nene hivi," alisema, akionyesha kwa mikono miwili.

Rula alikuwa ameshavuka uwanja.

Ngazi zilikuwa kumi na nane. Chini kabisa palikuwa na mlango wa chuma uliopakwa rangi ya kijivu, na tofali limesimamishwa pembeni kwa unadhifu. Aligonga kwa kiganja. Kimya. Aliliokota lile tofali akagonga nalo mara tatu, kisha akaweka sikio kwenye chuma. Aliogopa, na hakuona haya kuogopa.

Kitu kiligonga kutoka ndani. Mara moja, kivivu, chini karibu na sakafu.

"Ufunguo!" alipiga kelele.

"Anao mkuu wa masjala," mlinzi alisema kutoka ngazini. "Kasafiri."

Rula alipandisha ngazi mpaka simu yake iliposhika mtandao, akapiga hospitali kuomba gari, kisha akampigia seremala. Mlango ulifungukia nje, na bawaba zake tatu zilikuwa upande wake. Hilo alikuwa ameliona kabla hata ya kuuliza ufunguo.

"Fundi, beba nyundo, patasi na kila unachong'olea bawaba. Njoo ofisini kwa mke wako. Sasa hivi."

"Kumetokea nini?"

"Njoo kwanza."

Alipokata tu, simu ikaita. Mkuu wa kituo. "Sajenti, imetimia saa sita. Nafunga faili."

"Funga ukitaka, afande. Mimi huku nafungua mlango," Rula alisema, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake akamkatia mkubwa simu.

Seremala alifika baada ya dakika kumi na mbili, binti nyuma yake, mfuko wa vyuma ukigonga begani. Rula alimweleza kwa sentensi mbili. Fundi hakungoja ya tatu. Alipiga magoti mbele ya mlango, akaweka patasi chini ya pini ya kwanza, akapiga. Kutu ilidondoka. Alipiga tena na tena, na kila pigo alikuwa akiita, "Mama! Mke wangu!" Pini ya kwanza ikatoka. Ya pili ikakatika. Ya tatu ilikataa mpaka mlinzi mwenyewe alipojitupa sakafuni na kuishikilia patasi kwa mikono yake, akisema, "Piga, fundi, hata ukinivunja vidole, piga."

Waliuinua mlango wanne, wakauegemeza ukutani. Harufu ya karatasi kuukuu na joto iliwapiga usoni.

Karani alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, midomo imepasuka, na chupa ndogo tupu kando yake. Mapajani alikuwa na simu mbili, zote zimezimika. Mkononi alishika mkono wa kitasa uliokatika mwaka juzi, aliokuwa akigongea mlango. Aliwatazama mmoja mmoja kwa shida, kama anayewasoma, mpaka macho yakatua kwa mumewe.

"Nilijua utakuja," alisema. Sauti ilikuwa kama ya kukwaruza ubao. "Tangu Ijumaa najiambia, mume wangu hapo nje anaupindua mji mzima."

Binti alimkumbatia mama yake shingoni. Seremala alibaki pale alipopiga magoti, nyundo mkononi, machozi yakimtiririka bila kuyafuta. Rula aliona fundi angeweza kunyamaza. Rula mwenyewe asingesema kitu, na faili lingekaa kabatini kwa amani.

"Sikuupindua," seremala alisema. "Waliniambia umeniacha. Nikaamini. Nimeweka na sahihi."

Mlinzi alitazama ngazi. Karani alimtazama mumewe kwa muda mrefu, mrefu kuliko ambavyo mtu yeyote pale angependa kutazamwa.

"Nipe maji kwanza," alisema. "Hilo tutaligombania nyumbani."